Mwendo Mfupi Ndani ya Shaba

Shaba inayofika bandari ya Dar es Salaam huwa imesafiri sana. Ikija kwa reli, imetoka Kapiri Mposhi nchini Zambia na kupita kilomita 1,860 za TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina. Ikija kwa lori, imevuka mpaka Tunduma, imeshuka Kitonga, imekatiza Mikumi na kuingia mjini kwa Barabara ya Morogoro. Pale Ubungo hukata kulia kuishika Barabara ya Mandela, hupita chini ya Daraja la Mfugale kwenye makutano ya Tazara, kisha hushuka kuelekea Kurasini. Wakazi wa Temeke wameizoea kiasi kwamba hawageuzi hata shingo. Mabamba mekundu yaliyofungwa pamoja kwa mikanda ya chuma yanapita, watu wanaendelea na shughuli zao.

Ndani ya bamba hilohilo kuna safari nyingine. Elektroni ikipenya shaba ikiwa na nishati ya elektronivolti mia moja hivi, huenda wastani wa nusu nanomita tu kabla ya kukutana na jambo la kuipunguzia nishati. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Atomu za shaba zimepangana kwa umbali wa robo nanomita na ushei, kwa hiyo nusu nanomita ni hatua ya atomu mbili. Uhuru wote wa elektroni hiyo unaishia hapo.

Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita wilayani Temeke, na nambari hii imenikaa rohoni kuliko zile nambari kubwa za nyota ambazo wanafunzi hupenda kuzitaja. Umbali wa nyota unastaajabisha, lakini haubadilishi chochote katika bati la nyumba yangu. Nusu nanomita inabadilisha. Kwa muda mrefu nimetamani mtu aiandike habari yake kwa Kiswahili, kwa mapana yake.

Kwanza, kwa nini mwendo huo, ambao huitwa mwendo huru, uwe mfupi hivyo, na kwa nini usilingane kwa kila elektroni? Chukua soko la Tandika siku ya Jumamosi. Mtu asiye na senti mfukoni anaweza kulikatiza soko zima bila kukwama. Wauzaji watamwita, lakini hana cha kutoa. Mwenye elfu ishirini anakwama kila baada ya hatua mbili tatu, maana kila meza ina kitu anachokimudu. Na yule anayekimbia kuwahi gari, hata awe na laki tano, anavuka kabla muuzaji hajamaliza kutaja bei. Elektroni ndani ya yabisi huishi hivyo. Yenye elektronivolti moja au mbili za ziada haiwezi kulipia machafuko yoyote makubwa: haitoshi kuing'oa elektroni nyingine iliyojikita katika atomu, wala kuzitikisa kwa pamoja elektroni zote zinazoizunguka. Basi hupita, na mwendo wake unaweza kuwa mrefu. Yenye elektronivolti kati ya 50 na 100 inamudu karibu kila kitu na ina muda wa kukifanya, kwa hiyo hupoteza nishati upesi kuliko zote. Ikifika elfu moja inapita kwa kasi, na mwendo huru unarefuka tena: katika shaba hufika kati ya nanomita moja na nusu na mbili.

Ukichora umbali huo dhidi ya nishati utapata mstari unaoshuka hadi bondeni, kisha unapanda polepole. La kushangaza ni kwamba bonde liko karibu mahali pamoja kwa dhahabu, kwa shaba, kwa aluminiamu, kwa silikoni. Wanafizikia wakauita mchoro wa ulimwengu wote. Jina hilo limezidisha sifa kidogo, kwa sababu kila dutu ina tabia yake, hasa upande wa nishati ndogo. Lakini umbo la jumla ni la kweli, na nikilichora ubaoni huwa naliacha hapo hadi kipindi kiishe.

Anayejua umeme ataniuliza mbona waya wa shaba uliozama ukutani unawasha taa, ikiwa elektroni haiwezi kwenda zaidi ya atomu mbili. Elektroni zinazobeba umeme ni za shaba yenyewe, na ziada ya nishati zinayoipata kutoka kwenye saketi ni ndogo mno. Hizo ndizo zisizo na cha kutumia. Katika joto la kawaida hupita karibu nanomita 40 kati ya mgongano na mgongano. Habari yangu ni ya elektroni iliyotoka nje, au iliyong'olewa ndani na kupewa nishati ya kuonekana, ikijaribu kufika mahali.

Jaribio la kwanza la kuipima safari hiyo lilifanyika Ujerumani. Mwaka 1892 Heinrich Hertz aliona kwamba miali ya kathodi, iliyokuwa bado haijajulikana ni nini, inapenya karatasi nyembamba za metali. Msaidizi wake, Philipp Lenard, akatengeneza dirisha la aluminiamu lenye unene wa milimita 0.00265 na kuliziba nalo tundu dogo mwishoni mwa bomba la kioo. Ndani ya bomba kulikuwa na ombwe. Nje kulikuwa na hewa ya chumba. Miali ikatoka. Lenard akaweka mbele yake dutu za kila namna, metali, gesi, karatasi, akapima jinsi kila moja inavyoimeza, na mwaka 1895 akaeleza jambo lililo rahisi kwa namna ya kushtua: kumezwa kwa miali hiyo kunategemea zaidi uzito uliomo katika ujazo, na kidogo sana aina ya dutu. Miaka miwili baadaye, Cambridge, J. J. Thomson akaonyesha kwamba miali ile ni chembe, na chembe hiyo ndiyo tunayoiita elektroni. Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani walikuwa wamemaliza kujenga hospitali yao ufukweni mwa Dar es Salaam, jengo ambalo leo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nitalirudia jengo hilo.

Lenard alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Baadaye akawa mfuasi wa Hitler na kumpiga vita Einstein kwa sababu ya Uyahudi wake. Ninawaambia wanafunzi mambo yote mawili, kipimo na aibu, kwa sababu yote mawili ni historia ya somo letu na hakuna ninaloona haki ya kulificha.

Lakini elektroni za Lenard zilikuwa na nguvu nyingi, makumi ya maelfu ya elektronivolti. Zenye nishati ndogo, chini ya elfu mbili, hazipenyi dirisha kama lile la Lenard. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na mimi huiona kuwa ndipo inapokuwa nzuri. Unapimaje umbali ambao rula yake ingelazimika kuwa fupi kuliko unene wa utando wa sabuni?

Njia iliyozoeleka ni ya kufunika. Chukua kipande safi cha dhahabu, kimulike kwa eksirei. Eksirei huingia ndani sana na kung'oa elektroni kutoka katika atomu za kila kina. Elektroni hizo hutoka zikiwa na nishati inayofahamika, na kifaa huzihesabu. Kisha funika dhahabu hiyo kwa utando mwembamba wa dutu nyingine ambayo unene wake unaujua. Elektroni za dhahabu sasa zinalazimika kupita utandoni kabla ya kutoka. Baadhi zitapoteza nishati njiani na kuondoka katika hesabu. Utando ukiwa na unene sawa na mwendo huru, zitakazotoka salama ni asilimia 37 hivi. Ukiwa mara mbili, 14. Ukiwa mara tatu, 5. Ongeza unene kidogo kidogo, hesabu kila mara, chora, na mteremko wa mstari utakuambia umbali.

Mjini Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960, Kai Siegbahn na wenzake walipata utando unaojipima wenyewe. Walitumia asidi za mafuta, ndugu wa zile zilizomo katika mafuta ya ng'ombe na katika sabuni ya mche. Molekuli zake zikitandazwa juu ya maji husimama wima zikiwa zimebanana, kila moja ikiwa na urefu wa nanomita mbili na nusu hivi, na unaweza kuzihamishia juu ya bamba tabaka baada ya tabaka. Hesabu tabaka, umejua unene. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba elektroni walizokuwa wakizipima zilitoka katika nanomita chache za juu kabisa. Maana yake ilikuwa kubwa: mashine yao ilikuwa inasoma ngozi ya kitu, na tumbo halikuwa na sauti. Siegbahn alipewa Nobel mwaka 1981 kwa ajili ya mbinu hiyo.

Siku zote nimeona hapa kuna jambo la kutufanya tutulie. Udhaifu wa elektroni, kushindwa kwake kwenda mbali, ndio unaoifanya iwe shahidi. Chembe ya nyutroni hupita ndani ya bamba la shaba na kutokea upande wa pili, na kwa sababu hiyo haiwezi kukuambia chochote juu ya uso wake pekee. Elektroni iliyotoka salama katika shaba ina habari za atomu za juu kabisa, kwa kuwa iliyotoka chini zaidi isingefika. Nguvu zake zingekuwa kubwa, ushahidi wake ungechanganyika na mambo ya ndani na usingefaa kitu.

Ila utando huhadaa. Ukiupaka kwa mvuke wa metali, mara nyingi hautandazi sawasawa. Hujikusanya kama visiwa, na elektroni hutoroka kati ya kisiwa na kisiwa, ukadhani mwendo wao ni mrefu. Na hewa haikusubiri. Katika hewa ya kawaida uso safi wa metali hufunikwa na molekuli za gesi ndani ya nanosekunde chache. Hata ukiipunguza hewa hadi ibaki sehemu moja ya bilioni, uso utafunikwa kwa muda wa sekunde moja hivi. Ili upate saa chache za kufanya kazi unahitaji ombwe la kiwango cha juu kabisa, ndani ya chungu cha chuma kisichopata kutu kilichookwa kwa siku nzima au zaidi ili maji yaliyojishika kwenye kuta zake yatoke. Katika unyevu wa pwani yetu, uokaji huo ni nusu ya kazi yote.

Pia elektroni haiendi kwa mstari ulionyooka. Viini vya atomu huigeuza bila kuinyang'anya nishati, ikapinda kushoto, ikapinda kulia. Kwa hiyo urefu wa njia iliyopita na kina ilichotoka ni vitu viwili. Kwa miaka mingi watafiti waliandika kimoja wakamaanisha kingine, na majedwali yakachanganyika. Cedric Powell wa maabara ya vipimo ya taifa ya Marekani aliutumia muda mrefu wa maisha yake ya kazi kulipigia kelele jambo hilo. Mwaka 1979 Martin Seah na W. A. Dench wa maabara ya vipimo ya Uingereza walikusanya matokeo yaliyokuwa yamechapishwa na kuyatolea fomula iliyotumika kila mahali. Ukiutazama mchoro wao utaona vitone vimetawanyika kama vimerushwa, na mstari umepita katikati yake kwa ujasiri. Baadaye Shigeo Tanuma wa Japani, akiwa na Powell na David Penn, walikuja kwa upande mwingine: wakachukua vipimo vya jinsi kila dutu inavyomeza mwanga na kukokotoa humo jinsi itakavyoinyang'anya elektroni nishati. Fomula yao ya 1994 ndiyo iliyomo ndani ya programu nyingi za maabara leo.

Hata hivyo fomula hiyo haikukusudiwa kwa nishati za chini ya elektronivolti 50, na huko chini ndiko kipimo cha moja kwa moja kilikuwa adimu zaidi. Mwaka 2010 Jay Bourke na Christopher Chantler wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha njia ambayo haihitaji utando wala hesabu ya elektroni zinazotoka. Walipima kwa uangalifu mkubwa jinsi shaba inavyomeza eksirei. Eksirei inapong'oa elektroni ndani ya shaba, elektroni hiyo husambaa kama wimbi, hugonga atomu za jirani na kurudi, na wimbi lililorudi hufanya kiasi cha kumezwa kiwe kinapanda na kushuka. Ikiwa elektroni inapoteza nishati upesi, wimbi halirudi vizuri na mawimbi hayo madogo katika mchoro hufifia. Wakapima kufifia huko, wakapata mwendo huru wa elektroni za nishati ndogo ndani ya shaba, kuanzia elektronivolti chache hadi mia moja na ushei. Shahidi aliulizwa akiwa bado ndani ya nyumba. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi safi zaidi za fizikia ya karne hii, na metali iliyotumika ni hiyohiyo inayopita Tazara kila siku.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Mbagala, Yombo, Tegeta na Bunju.

Sufuria ya aluminiamu ikisuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa, mng'ao wake haukai: papo hapo oksijeni ya hewa huifunika kwa utando wa oksidi wa nanomita chache. Utando huo ndio unaoizuia aluminiamu isiendelee kuliwa. Bati la paa linalindwa na zinki, na zinki nayo hulindwa na kile kinachoota juu yake inapokutana na hewa na maji. Chumvi ya bahari huharibu ulinzi huo, ndiyo maana bati la aina ileile, geji ileile, huota kutu mapema zaidi Kunduchi na Mbweni kuliko mbali na ufuko. Kutu tunayoiona kwa macho ni mwisho wa hadithi. Mwanzo wake uko katika nanomita za juu, na chombo cha kuusoma mwanzo huo ni elektroni ya nishati ndogo. Unene wa utando hupatikana kwa kulinganisha elektroni zinazotoka katika metali na zinazotoka katika oksidi iliyo juu yake, na katika hesabu hiyo mwendo huru huzidisha moja kwa moja: ukiukosea kwa asilimia kumi, unene wote umeukosea kwa asilimia kumi. Anayenunua bati kwa mkopo wa kikundi, akategemea limfikishe miaka ishirini, anategemea nambari ambayo hajawahi kuisikia.

Mlimani nako wamekuwa wakifanya kazi na tando za namna hii kwa miaka mingi. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutengeneza tando za oksidi ya zinki zilizochanganywa na aluminiamu, zinazopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, na tando za oksidi ya vanadi zinazobadilika joto likipanda, zikafaa kwa vioo vya madirisha ya nchi yenye jua kama yetu. Matokeo huchapishwa katika Tanzania Journal of Science na kwingineko, na idara imo katika mtandao wa MSSEESA unaounganisha watafiti wa sayansi ya maada na nishati ya jua wa Afrika Mashariki na Kusini. Mtandao huo umeungwa mkono na programu ya kimataifa ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, iliyoanza mwaka 1961. Ni mwaka uleule chuo chetu kilipofungua milango katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na Siegbahn ndiye aliyekuwa akiongoza fizikia huko Uppsala. Uhusiano wetu na watu walioifanya elektroni isome ngozi ya vitu ni wa zamani kuliko wanafunzi wangu wanavyodhani.

Na sasa Ocean Road. Kila asubuhi kuna wagonjwa wanaotoka Mbagala kwa mwendokasi, wanaovuka kwa feri kutoka Kigamboni, wanaoteremka kutoka Bunju na Boko, na wengi zaidi waliotoka mikoani na kufikia kwa ndugu, wakienda kwenye mionzi. Kwa miaka mingi mionzi hiyo ilitoka katika kobalti-60, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na robo. Sasa zimeongezwa mashine za LINAC, yaani vichapuzi vya elektroni. Miali ya gama ya kobalti ina nishati ya zaidi ya elektronivolti milioni moja. Ikiingia mwilini huing'oa elektroni, elektroni hiyo hung'oa nyingine, nazo nyingine, hata makumi ya maelfu ya elektroni ndogo huzaliwa, nyingi zikiwa na nishati ya chini ya elektronivolti 20 hivi.

Zamani zilidhaniwa hazina madhara, kwa kuwa nyingi hazina nguvu ya kutosha kuing'oa elektroni katika molekuli. Mwaka 2000 Badia Boudaïffa, Léon Sanche na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Kanada, walitandaza DNA kavu kuwa utando mwembamba ndani ya ombwe, wakaipiga kwa elektroni zenye elektronivolti kati ya 3 na 20. Nyuzi za DNA zilikatika, moja moja na mbili kwa pamoja. Elektroni hunasa katika molekuli kwa kitambo kidogo sana, na molekuli ikiwa na mgeni huyo hujipasua yenyewe. Unene wa uzi wa DNA ni nanomita mbili. Elektroni iliyozaliwa mbali na uzi huo haitaufikia. Iliyozaliwa karibu itaufikia. Kwa hiyo swali la umbali gani elektroni ndogo huenda kabla ya kuchoka, lililoanza na dirisha la Lenard, limekuwa swali la jinsi uvimbe unavyokufa katika mwili wa mama aliyelala chini ya mashine pale ufukweni. Simwelezi mgonjwa fizikia hii, ana mengine ya kumshughulisha. Lakini anayepanga dozi anahitaji watu, mahali fulani duniani, waliopima kwa uaminifu.

Nchi yetu inaijua haki ya kipimo. Wakala wa Vipimo wanapambana na lumbesa kwa sababu gunia lililoongezewa kilemba humwibia mkulima. Shirika la Viwango, lililoanzishwa kwa sheria ya 1975, lipo Ubungo. Tume ya Nguvu za Atomiki hukagua vyanzo vya mionzi. Ninachokiomba ni kuupeleka uaminifu huohuo chini hadi kwenye nanomita, kwa sababu huko ndiko bidhaa tunazonunua na viwanda tunavyotaka kujenga vinakohukumiwa.

Chombo cha kuchunguza nyuso ni ghali, na wapo watakaosema nchi inayohangaikia madawati haina haja nacho. Sikubaliani nao. Mabati, nyaya, sola na betri tunazotumia zinapoharibika, sampuli inasafirishwa nje ili isomwe, na pamoja nayo husafiri ujuzi wa kuisoma. Hata hivyo kununua mashine ni sehemu ndogo ya gharama. Pampu za ombwe hazizimwi usiku. Umeme ukikatika saa mbili, kazi ya wiki inaweza kuharibika, na uokaji unaanza upya. Anahitajika mtu anayejua sauti ya pampu inayoanza kuugua, anayeweza kubadilisha gasketi ya shaba bila kuikwaruza, na ambaye mkataba wake haumaliziki mradi wa wafadhili unapoisha.

Basi kwa ndugu zetu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama ambako hata kituo cha daladala kinaitwa Sayansi: kabla ya kuagiza chombo, ajirini mafundi wa ombwe, wapelekeni wakajifunze, na wawekeeni umeme wa akiba. Na kwa walimu wenzangu, hasa vijana mnaotoka DUCE hapo Chang'ombe: mkifika kwenye somo la athari ya fotoelektriki, msiishie kwenye fomula ya Einstein ambayo mtihani unaitaka. Waulizeni wanafunzi elektroni iliyong'olewa imetoka kina gani, na wapeni kipindi kizima walitafute jibu wenyewe.